Ami wa Barazani: Simu ya alfajiri, kumbe mtani katolewa

Wasomaji wangu, mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zina neno moja, mtani. Mtani kafungwa, mtani kanuna, mtani kanitumia voisi ya kuudhi. Sikuzipanga mimi, zimejipanga zenyewe. Ya kwanza nimeisoma mara tatu kwa sababu inahusu mchezo ambao hapa visiwani hata kipande cha uwanja wake hatuna, kwa hiyo naanza nayo na nitakaa nayo sana, wenye barua fupi mniwie radhi.

Barua ya kwanza, kutoka Wete

"Ami, assalaam alaykum. Mie ni mama wa watoto sita, nipo Wete. Mwanangu wa nne yupo Toronto, Kanada, huu mwaka wa saba, anafanya kazi kwenye ghala la vyakula. Sasa alfajiri moja ya Ijumaa, mwanzo wa mwezi wa tano 2025, nishatia udhu nangoja adhana, simu ikalia. Ami wewe unaijua simu ya saa ile. Kwetu sie simu ya alfajiri ni ya msiba basi. Mkono ulinitetemeka hata kuipokea nikapokea kwa taabu, nasikia mayowe, honi za magari, na mwanangu analia, 'Mama tumewatoa! Mama tumewatoa!' Nikamuuliza mmewatoa nani, wapi, nyumbani kwao? Nikajua kuna wapangaji wamefukuzwa. Kumbe mpira! Tena si huu wa miguu, ule wa kupiga na magongo juu ya barafu. Akanitumia na video, yumo barabarani usiku kavaa jezi ya buluu kakumbatiana na mzungu mzee mwenye mandevu ambae hata jina halijui, wote wawili machozi. Niliogopa Ami. Huyu mwanangu hata alipofaulu skuli hakucheka meno yakaonekana. Na kuna mwenzie wa kazini mtu wa Ottawa kila siku anamtaja, siku hiyo ati 'leo nimemkomesha', na huyo huyo ndo anompa lifti theluji ikimwagika. Nauliza, ni upweke umemruka kichwani au ndo mambo ya huko? Na akipiga tena nimjibu nini?"

Bi mkubwa, waalaykum salaam warahmatullah. Mwanao mzima na akili zake zimetulia. Ngoja nikwambie usiku ule kulikuwa na nini, maana ukiujua uzito wake hutomlaumu.

Timu yake ni Toronto Maple Leafs, ndo hiyo ya jezi ya buluu yenye jani kifuani. Waliyoitoa ni Ottawa Senators, timu ya mji mkuu wa Kanada, na miji hiyo miwili yote imo ndani ya jimbo moja la Ontario, mwendo wa gari saa nne na nusu hivi. Majirani. Mtu wa Toronto ana shemeji Ottawa, ana aliyesoma nae Ottawa, na kama mwanao, ana mtu wa Ottawa anaempa lifti. Sasa mchezo huo wa magongo juu ya barafu unaitwa hoki, na kule ikifika mwezi wa nne ligi ya kawaida inakwisha wanaingia kwenye mtoano, na mtoano wao si mechi moja kama fainali ya Mapinduzi, timu mbili zile zile zinakutana mpaka mara saba, anaetangulia kushinda nne anapita na mwenzie anakwenda nyumbani. Hebu fikiria Simba na Yanga wakutane mara saba ndani ya wiki mbili, Unguja hii nani angelala?

Toronto walianza vizuri, mechi tatu za mwanzo zote zao, watu washaanza kuimba. Ottawa wakashinda ya nne kwenye dakika za nyongeza, halafu wakaja Toronto kwenyewe wakashinda ya tano 4-0. Hapo ndo roho zikapanda juu, na ni lazima ujue kwa nini. Watu wa Toronto wana kidonda. Kombe lao kubwa linaitwa Stanley Cup, wamelichukua mara 13, lakini mara ya mwisho ni 1967, toka hapo hawajaligusa. Mwaka 2013 walikuwa mbele ya Boston 4-1 kwenye mechi ya saba, kipindi cha mwisho, mtu anatafuta viatu vyake atoke akasherehekee, wakasawazishiwa na wakafungwa 5-4. Mwaka 2021 walikuwa wameshashinda mechi tatu kwa moja dhidi ya Montreal, ambao ndo watani wao wakubwa kuliko wote, wakapoteza tatu mfululizo wakatolewa. Kwa hiyo mwanao alipoiona 3-0 inageuka 3-2 pale hakuwa anaangalia mpira tena, alikuwa anaiona ndoto mbaya ile ile inabisha hodi.

Ya sita ikachezwa Ottawa, Alhamisi usiku tarehe 1 Mei, kwetu ishakuwa Ijumaa. Toronto wakapata mbili, Ottawa wakazirudisha zote mbili. 2-2, kipindi cha tatu, dakika zinakatika. Zimebaki dakika tano na ushei Max Pacioretty akaweka la tatu, halafu William Nylander akamalizia la nne kwenye goli tupu, maana kwenye hoki timu ikiwa nyuma na muda unakwisha wanamtoa kipa kabisa wanaingiza mshambuliaji, liwalo na liwe. 4-2. Imekwisha, mtani katolewa, kidonda kimepata dawa usiku mmoja. Ndo hapo simu yako ikalia.

Huyo mzee wa mandevu nae asikutishe. Wakati wa mtoano wachezaji wa hoki hawanyoi ndevu mpaka watolewe au wabebe kombe, mila hiyo ilianzia kwa timu ya New York Islanders mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mashabiki wanafuga vile vile. Pengine alikuwa hajanyoa toka mwezi wa nne, na pengine mwaka 1967 alikuwa kijana mdogo ameshikwa mkono na babake. Mwanao hakukumbatia mtu asiyemjua, Bi mkubwa. Alimkumbatia mtu ambae amelia machozi yale yale kwa sababu ile ile, na ugenini kupata mtu wa hivyo si jambo dogo, miaka saba uko peke yako mtu anakuuliza jina lako mara tatu na bado analikosea, halafu usiku mmoja mji mzima unakuita ndugu kwa sababu ya jezi uliyovaa.

Na sie tumefanya hayo hayo. Disemba 2017 Zanzibar Heroes walipowafunga Tanzania Bara 2-1 kwenye CECAFA kule Kenya, mimi nilikuwa Jaws Corner, kikombe cha kahawa mkononi. Filimbi ya mwisho ilipolia nilimrukia muuza kahawa, mtu ambae nilikuwa nagombana nae kila siku juu ya chenji, kahawa ikamwagikia kanzu yake yote mbele na hakujali, akanishika mabega ananitikisa huku anasema "umeona? umeona?" kama kwamba mimi sikuwepo. Tumefunga timu nyingi sie. Lakini kumfunga ndugu yako wa upande wa pili wa bahari, anaekujua, anaekutania kila siku, ile ina ladha yake.

Sasa la kumjibu. Akipiga usimuulize "umepata nini kwa kushinda huko," litamvunja. Muulize habari za yule wa Ottawa, "mwenzio yu hali gani, kaja kazini?" Maana hoki ina jambo moja ambalo mimi nalipenda kuliko magoli. Mfululizo wa mtoano ukimalizika, timu mbili ambazo wiki mbili zimegongana mpaka meno yamedondoka zinajipanga mistari miwili pale pale barafuni, zinapita zikipeana mikono mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Aliyekupiga bega jana leo anakushika mkono na kukwambia neno sikioni. Mwanao na mtu wa Ottawa mkono wao ni ile lifti ya asubuhi. Siku moja muombe uongee nae huyo mtu, umshukuru kwa kumbebea mwanao.

Na kuna moja alilokuficha. Furaha ile ilidumu siku 17 tu. Tarehe 18 Mei Toronto walicheza mechi ya saba na Florida, nyumbani kwao, wakafungwa 6-1, na Florida hao wakaenda mpaka wakabeba kombe. Nadhani siku hiyo hakukupigia. Basi mwaka huu ukisikia wamefungwa, piga wewe.

Kuhusu saa, wakati wa mtoano sie tupo mbele yao kwa saa saba, na kwenye baridi yao kubwa saa nane, kwa hiyo mechi ya usiku ya kule haiwezi kukwisha isipokuwa kwetu ni karibu na alfajiri. Mwambie kwanza atume ujumbe wa maneno mawili, "Mama, mpira," ndo apige.

Barua ya pili, kutoka Jang'ombe

"Ami niaje, nimeona klipu ya hiyo hoki, jamaa kafunga watu wakaanza kumvurumishia makofia uwanjani, refa kasimamisha mechi, sa mi nikajua wamekasirika kumbe wanacheka. Ni nini ile? Na kuna mtu kaniambia kuna mahala wanarusha pweza, anadanganya eti?"

Hadanganyi, yakhe, na ntakuja kwa pweza.

Kofia ni heshima ya mchezaji aliyefunga magoli matatu mechi moja. La tatu likiingia watu wa nyumbani wanavua walichonacho kichwani wanarusha, barafu yote inakuwa imetapakaa kofia, wanaingia wafanyakazi na mifuko kuziokota na mechi inasimama mpaka paoneke peupe. Anaerusha anajua hairudi. Likiwa kwa mtani ndo zinaruka nyingi zaidi. Mimi nilipoiona mara ya kwanza niliwaza kofia zetu za mkono, ile mama anaishona tundu moja moja kwa sindano na uzi miezi mitatu minne, ukaivurumishe kwa ajili ya goli la tatu? Hapana. Kule wanavaa za kiwandani, kofia za chepeo, na hata hivyo namheshimu anaevua, maana ni baridi.

Pweza ni Detroit, Marekani, timu inaitwa Red Wings. Mwaka 1952 kombe lilikuwa linahitaji kushinda mechi nane, duru mbili za nne nne, na ndugu wawili wenye duka la samaki wakarusha pweza barafuni kwa sababu ana mikono minane, kila mkono ushindi mmoja. Na mwaka huo Detroit wakashinda nane bila kupoteza hata moja, wakawafagia Toronto 4-0, wakawafagia Montreal 4-0, wote watani zao. Toka hapo pweza hajapumzika. Nakwambia ukweli wangu, hilo la pweza sijalipenda. Mtu aliyemuona mama wa Paje au Jambiani maji yamekupwa, jua kali, kainama na mchokoo wake toka asubuhi kwenye mawe anatafuta pweza mmoja wa kwenda kuuza, hatoweza kumuona pweza anarushwa akafurahi. Wapike, wale, washangilie wameshiba.

Barua ya tatu, kutoka Fuoni

"Ami, mie mke wa mtu, nakaa Fuoni. Mume wangu Yanga wa kufa, kaka yangu Simba. Miaka yote wanataniana vizuri tu, anaefungwa anamnunulia mwenzie soda. Mpaka ile 5-1 ya Novemba 2023. Asubuhi yake mume wangu kachemsha mayai matano, na la sita kalipaka rangi nyekundu, kayapanga kwenye sinia, kafunika kwa kawa vizuri kama anapeleka futari, kaenda nayo mpaka kwa kaka yangu na watoto wa mtaa nyuma wanaimba. Kaka kafunua, kaangalia, kafunika, kaingia ndani kafunga mlango. Baadae ndo tukajua siku mbili nyuma alikuwa kaachishwa kazi na hakumwambia mtu. Toka siku ile haingii kwangu. Eid anawaleta watoto mpaka mlangoni anarudi. Mume wangu nikimwambia anasema 'si utani tu ule, mbona yeye ananuna kama mtoto'. Ami nimechoka kuwa katikati."

Dada yangu, barua yako imenikaa. Nimeiona ile kawa inafunuliwa.

Nianze na haki ya mumeo, asije akasema Ami kamuonea. Kumfunga mtani 5-1 ni jambo la kusherehekewa. Na yale mayai, kama utani, yametengenezwa vizuri, lile jekundu la kufutia machozi ni la mtu mwenye kipaji. Simba nao hawakuwa wapole walipopata zamu, mwaka 1977 waliwafunga Yanga 6-0, na tarehe 6 Mei 2012 wakawafunga 5-0, na mimi namkumbuka mtu hapa Mwembeladu alitembea na vidole vitano juu kutoka asubuhi mpaka magharibi, ukimsalimia anakupungia vitano, ukimuuliza saa anakuonesha vitano. Ndo utani wa jadi ulivyo, na mimi siutaki ufe.

Lakini utani una mlango wake, na kabla hujaingia unachungulia. Mumeo hakuchungulia. Hakujua kuhusu kazi, sawa, hakuna aliyejua. Kosa lake si mayai, dada yangu, kosa lake ni siku ya pili yake. Alipojua kwamba shemeji yake kafukuzwa kazi na yeye kampelekea sinia na waimbaji mlangoni, alitakiwa siku ile ile aende. Hakwenda, siku ikawa wiki, wiki ikawa Eid. Na kila anaposema "si utani tu" anapika mayai mengine sita.

Kwa hiyo wewe toka katikati, leo. Usipeleke salamu, usirudishe salamu. Mwambie mumeo Ami kasema aende mwenyewe, siku ya Ijumaa baada ya alasiri, watu wapo nyumbani na nyoyo zimelainika. Asivae jezi wala asichukue mtoto wa kumfunika aibu. Abebe halua, ile ya Wete kama ataipata, na birika la kahawa. Aseme sentensi moja, "shemeji, siku ile sikujua, na nilipojua nilichelewa kuja." Hapo anyamaze. Asiongeze "lakini". Kaka yako akiamua kukaa kimya nusu saa, wanywe kahawa kimya nusu saa, wanaume wawili wanaweza kabisa. Asianze yeye habari za mpira. Kaka yako akianza, ujue mlango umefunguka, na kwa ninavyowajua Simba ataanza yeye.

Kama wakitaka kitu cha kushangilia pamoja kwa muda, mpaka kovu lishike, wana Mlandege hapa nyumbani. Timu ya mtaani kwetu imechukua Kombe la Mapinduzi 2023, ikarudia 2024 kwa kuwafunga Simba hao hao 1-0 fainali pale Amaan. Najua hilo la pili kaka yako litamuuma kidogo. Basi waanze na la 2023.

Barua ya nne, kutoka Mwera

"Maalim, kijana wangu amepata nafasi ya kusoma Montreal. Nimesikia kule wakicheza hiyo hoki wanachoma magari. Nimruhusu?"

Mruhusu, mzee wangu, na mwambie ukweli. Montreal ni timu yenye makombe 24, hakuna inayowafikia, na kwao mchezo huu unaingia mpaka kwenye lugha na jina la mtu. Mwaka 1955, tarehe 17 Machi, nyota wao Maurice Richard alipofungiwa mpaka mwisho wa msimu, watu walifanya fujo na kuvunja maduka kwenye barabara ya Sainte-Catherine. Hiyo ilikuwa hasira. Lakini 1993 walibeba kombe, furaha tupu, na usiku ule ule fujo. Aprili 2008 waliwafunga Boston, watani zao wa miaka mingi, 5-0 mechi ya saba, tena ilikuwa duru ya kwanza tu, na magari ya polisi yakachomwa moto.

Wanaofanya hivyo ni wachache na wengi wao hata mechi hawakuiangalia. Mjini watu laki nyingi wanashangilia, wanapiga honi, wanalala. Kijana wako aangalie mechi chumbani na wenzake au kwenye mkahawa wa karibu na chuo, na usiku wa mechi kubwa filimbi ikilia asiteremke katikati ya mji kwenda kurikodi video. Hilo tu. Na mnunulie koti kubwa, hilo litamsumbua kila siku kuliko hoki.

Barua ya tano, kutoka Mkoani

"Ami, mimi ni mwanafunzi wa kike kidato cha pili. Mama yangu anauza barafu za ubuyu nyumbani na umeme ukikatika saa mbili tu zinakuwa maji. Sasa nauliza hao watu wa hoki wanaigandishaje barafu uwanja mzima na watu elfu ngapi wanapumua mle ndani? Na Afrika kuna anaecheza? Na mimi naweza?"

Mwanangu, mashallah, barua yako nimeiacha ya mwisho nikae nayo vizuri.

Uwanja wao si mkubwa kama unavyodhani, ule wa ligi ya Marekani na Kanada ni mita 61 kwa 26, haufiki hata robo ya uwanja wa Gombani. Chini ya barafu kuna sakafu ya zege, na ndani ya zege yamelazwa mabomba mengi sana, na ndani ya mabomba mnapita maji ya chumvi yaliyopozwa mpaka chini ya sifuri. Kwa nini ya chumvi? Kwa sababu maji ya chumvi hayagandi upesi kama matamu, kwa hiyo yanaweza kuwa baridi kuliko barafu na bado yakaendelea kutembea. Ndo friji la mama yako hilo limelazwa chini. Halafu wanamwaga maji juu tabaka kwa tabaka, nyembamba nyembamba, mpaka inafika unene kama wa vidole viwili tu. Barafu yenyewe haina rangi, kwa hiyo tabaka za chini wanazipaka nyeupe, wanachora mistari, na kumwagia tena juu yake. Baina ya vipindi, maana wanacheza vipindi vitatu vya dakika 20, linaingia gari la kukwangua na kumwaga maji ya moto. Ndiyo, ya moto, yanayeyusha mikwaruzo kidogo na kuganda laini. Gari hilo alilibuni mtu wa California anaitwa Frank Zamboni mwaka 1949. Umeme ukikatika kule nao wana shida kama ya mama yako, ila wana majenereta.

Mpira wao ni kisahani cha mpira mgumu mweusi. Ninacho kimoja hapa mezani naandika nacho kimekandamiza karatasi, kaniletea mtoto wa dada yangu. Upana sentimita saba na nusu hivi, unene mbili na nusu, uzito gramu 170 kwenye mizani ya duka la jirani. Ukikinusa kina harufu ya tairi. Kabla ya mechi wanakigandisha ili kisidunde, na kikipigwa sawasawa kinakwenda zaidi ya kilomita 160 kwa saa, ndo maana kipa kajifunga magodoro mwili mzima.

Afrika wapo. Afrika Kusini ni mwanachama wa shirikisho la dunia toka 1937. Na jirani hapa, Nairobi, hoteli ya Panari iliyopo barabara ya Mombasa ilifungua uwanja wa barafu mwaka 2005, na pale ndo ikazaliwa timu ya Kenya Ice Lions. Walikuwa hawana wa kucheza nae. Fikiria hilo mwanangu, timu nzima, jezi, magongo, viatu vya visu, na ukanda mzima hakuna mpinzani, wanagawana wenyewe kwa wenyewe ndo wacheze. Mwaka 2018 wakachukuliwa mpaka Kanada wakacheza mechi yao ya kwanza na timu ngeni, na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wakubwa kabisa wa mchezo huo, wakavaa jezi ya Kenya wakacheza upande wao. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kwenye shirikisho la dunia. Unaona? Kitu walichokitafuta miaka yote ile ni mtu wa kumfunga.

Na wewe unaweza, ila utaanza bila barafu. Mchezo wa magongo si mgeni kwetu, viwanja vya Mnazi Mmoja wazee walicheza hoki ya nyasi, na Tanzania ilipeleka timu ya hoki ya nyasi kwenye Olimpiki ya Moscow 1980. Tafuta uwanja wa saruji wa skuli, ule wa netiboli unatosha. Fundi tairi akukatie duara la mpira kwa vipimo nilivyokupa hapo juu, lisizidi unene maana litadunda. Magongo myakate mti uliopinda wenyewe mwishoni, msiuunganishe kwa misumari, utachomoka umuumize mtu. Fungeni miguu mbele kwa makarara ya mnazi na vitambaa, sita kila upande pamoja na kipa. Mwalimu wa michezo mwambie mapema, asikute mmeshaanza.

Halafu tafuta skuli ya jirani wafanye hivyo hivyo, Kengeja au Chake, popote mnapotaniana. Siku mkiwafunga niandikie, nitajie ni nani aliyefunga na mliwapa mikono vipi.